Phelister na Uzi

Phelister Aluoch hushona upya suti za mitumba katika soko la Gikomba. Mwaka jana alikonda ghafla, akawa anatokwa jasho hata asubuhi za baridi, na mikono yake ikatetemeka mpaka wateja wakaanza kumhama.

"Dada, hiyo ni sukari," Wahome, muuza viatu jirani yake, akatangaza.

Basi Phelister akaacha sukari, akaacha hata ugali, akanywa mizizi michungu. Akazidi kukonda! Alipopimwa kliniki, sukari ilikuwa sawa. Wengi wangeishia hapo. Yeye akang'ang'ana: "Kama si sukari, ni nini kinachonila?"

Muuguzi akamtuma kwa daktari bingwa wa homoni. Daktari akamgusa shingo, akampima damu, akamwambia tezi yake ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Na dawa ipo! Nusura tupoteze fundi hodari kwa kukisia tu!

Wiki kadhaa baada ya kuanza dawa, alipiga ukelele. Wahome akaja mbio.

"Umeibiwa?"

"Uzi umeingia kwa sindano!" akalia huku akicheka. "Mara ya kwanza tu, Wahome! Leta koti lako nikushonee!"