Wa Pili Mara Saba

Mashindano ya michezo saba ya wasichana huchukua siku mbili: mbio za viunzi, kuruka juu, tufe, mita mia mbili, kuruka mbali, mkuki, halafu mita mia nane. Zamani wanawake walipewa mitano tu. Wanaume wana kumi. Kila tokeo lina alama zake kwenye jedwali, na mshindi ni mwenye jumla kubwa.

Nikiwa msichana wa shule huko Ikutha nililijua hilo. Waamuzi hawakulijua. Nilikuwa wa pili katika yote saba, wakampa kikombe msichana aliyeshinda mbio mbili, ambaye mkuki wake ulianguka karibu na miguu yake.

"Wewe umeshinda mchezo gani?" wakaniuliza.

Sasa mimi ni mwalimu. Mwaka huu nilienda mashindano ya Kabati na jedwali nimelichapisha, nikalitia kwenye plastiki lisilowe. Mwanafunzi wangu alikuwa wa pili karibu kila mchezo. Nilijumlisha alama zake mara tatu, alikuwa ameshinda. Mwamuzi mkuu, mwalimu mwenzangu, akalisukuma jedwali kando bila kulisoma.

"Madam, usituchanganye. Wa kwanza ni wa kwanza."

Niligombana naye mpaka wakaanza kung'oa hema. Mwanafunzi wangu alikuwa ameketi chini akivua viatu nilivyomwazima.

"Madam, si mwaka ujao nifanye mchezo mmoja tu?"

Nikamwambia ndiyo, achague mmoja. Mimi, kwa mdomo wangu.