Kabati Lililopigwa Randa

Mume wangu Silvère ni seremala asiyetaka kuona msumari. Ulimi wa ubao uingie kwenye tundu lake, gundi kidogo, basi. Alijifunza hivyo Bujumbura tulikokulia, nami nilikubali kuolewa nikijua mimi ni mke wa pili. Wa kwanza ni ubao.

Agosti 1994, baada ya mauaji ya kimbari, tulifika Kigali, tukapewa kibanda cha useremala mtaa wa Kimisagara. Majirani walisema mwenyewe aliuawa Aprili na hakubaki hata ndugu mmoja. Ndani tulikuta kabati ambalo halijaunganishwa, mbao zimejaa hesabu za penseli. Silvère alizigeuzageuza siku nzima.

"Mama Armel, huyu alikuwa fundi," aliniambia, machozi yakimlengalenga.

Alilimaliza kwa wiki tatu. Akalipiga randa, akalipaka vanishi, likang'aa. Wateja walilitaka, akakataa kuliuza.

Oktoba, mama mmoja mwembamba alisimama mlangoni. Jina lake Mukamana.

"Hii kabati bwana yangu alikuwa ananitengenezea mimi," alisema.

Nilishtuka nikadondosha ufagio. Tuliambiwa hakubaki mtu! Silvère yeye alifurahi kama mtoto.

"Iko tayari, mama. Ni yako, chukua."

Mukamana akafungua milango, akainama, akapapasa ndani. "Maandishi iko wapi?"

"Maandishi gani?"

"Ya penseli. Nyumba walichoma, picha hakuna. Nilikuja kuona mkono yake tu."

Wiki tatu nilimsifu kwa usafi wa kazi, kumbe alikuwa akimfuta marehemu! Nilitaka kumpigia kelele, nikakumbuka maranda yale niliyafagia mwenyewe nikapikia maharage. Maji yakimwagika hayazoleki.

Silvère akachukua nyundo.

"Wee! Unafanya nini?" nikamshika mkono.

"Ndani ya viungo sikupiga randa."

Akaipiga kona ya kabati kwa nguvu zake zote. Miaka kumi ya ndoa sijawahi kumwona akivunja kitu alichokitengeneza. Ubao ukapasuka, ulimi ukakatika ukachomoka. Mafundi huuandika namba ili wajue tundu lake, na chini ya gundi ilikuwepo tarakimu moja ya penseli, sita yenye mkia mrefu.

Mukamana akaigusa kwa kidole. Nilidhani atalia, akacheka kidogo.

"Sita yake," alisema. "Siku zote nilimwambia iko mbaya."

Akakifunga kile kipande cha ulimi kwenye kitenge chake, akaondoka. Kabati alituachia.