Mgomo wa Shanga Isinya, na Mzee Aliyeshona Mkanda Sebuleni Kwangu

Wakuu, nawasabahi popote mlipo. Haya yalinitokea mwenyewe na sijatia chumvi, hayahitaji.

Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa nafanya PhD. Nilipanga Kitengela, fieldwork ikawa Isinya, kwa kikundi cha akina mama wanaoshona shanga. Topic: historia ya ufundi, jinsia na harakati za wanawake. Kwetu Kakamega mama yangu aliwaambia watu nasomea ushanga, na sikufaulu kumrekebisha.

Kikundi kilikuwa kinauzia kwa ploti kando ya barabara ya Namanga. Title ya ardhi ilikuwa kwa jina la Mzee Parmuat, mume wa chairlady, Mama Naserian.

Mzee akapata mnunuzi anayetaka kufugia kuku pale, akataka kumwuzia ile ploti.

Akina mama hawakupiga kelele. Waliweka sindano chini tu. Sherehe ya vijana kutoka umorani, ule ujana wa kivita, ilikuwa inakaribia, na kijana hasimami mbele ya watu bila mkanda alioshonewa na mama yake. Kijana wa Mzee Parmuat na Mama Naserian alikuwa mmoja wao.

Nilifurahi ajabu. Mgomo, live, ndani ya thesis yangu.

Sasa Jumamosi moja asubuhi nikasikia hodi. Mzee Parmuat na wenzake wawili ambao pia vijana wao hawakuwa na mikanda, rungu mkononi, shanga kwa mfuko wa unga. Kule mwanaume haonekani na sindano. Wakasema mimi nimesomea shanga university, kwa hivyo niwafundishe, na nifunge mapazia.

Researcher haegemei upande. Lakini hawa wakifaulu, mgomo umekufa na ploti imeenda. Nikatoka nje nikampigia Mama Naserian.

"Wafundishe," akasema. "Na usiwaonee huruma."

Basi nikaishi na wazee kwenye kochi, taa inawaka mchana, wakigombania shanga za kijani. Supervisor wangu alitokea bila taarifa, nikamwambia ni wajomba zangu. Mimi Mluhya, wajomba wamevaa shuka nyekundu. Alimaliza chai akaenda zake.

Wawili walichoka wakasingizia ng'ombe. Mzee Parmuat alimaliza. Mkanda ulipinda kama barabara ya Kona Baridi.

Siku ya sherehe, mgeni mmoja wa heshima kutoka Namanga aliutazama ule mkanda kiunoni mwa kijana wa Mzee Parmuat, akauliza nani ameshona. Mzee akamnyooshea kidole mke wake.

Mama Naserian alimgeukia mumewe kwanza. Nilikuwa karibu, nikamsikia akimwuliza polepole:

"Niseme ni yangu?"

"Sema."

"Na ploti?"

Mzee alitazama wageni, akatazama mkanda. Nilimwonea huruma, kusema kweli.

"Ploti ni yenu."

"Waambie na hao."

Mzee akasimama, akatangaza kwamba kwa heshima ya kijana wake ameachia akina mama ile ploti. Watu wakapiga makofi. Ndipo Mama Naserian akamgeukia mgeni.

"Ni mimi nilishona. Macho yalikuwa yananiuma."

Title ilibadilishwa Kajiado mbele yangu. Picha ya mkanda iko kwenye thesis, na fundi ameandikwa Mama Naserian.

Nilichojifunza: vitabu vyote nilivyosoma vililia kwamba kazi za wanawake zimeandikwa majina ya wanaume. Mimi niliandika ya mwanaume kwa jina la mwanamke, na nikapita defence. Ukweli wa kwenye karatasi siuamini tena kirahisi.

Shida ni mzee. Kila nikimtembelea anangoja mkewe atoke, halafu ananiuliza kama jina lake haliwezi kuingia hata kwa penseli.

Wakuu, nimwandike ama nimwache? Nasoma comments zote, hata za matusi.