Mwenye Mgonjwa

Fomu ya Idhini ya Mwenye Mgonjwa kwa Uchunguzi wa Koo na Tumbo kwa Mpira Wenye Taa. Hilo ndilo jina lake kamili. Wiki jana, nikingoja zamu yangu katika hospitali moja ya huku kwetu, niliiona ikimzuia mama mchuma chai kutoka Boito.

"Mama, mzee ako wapi atie sahihi?" karani aliuliza.

"Ako nyumbani, anakama ng'ombe."

"Basi kuja na yeye kesho."

Mama aliweka vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa chai, juu ya fomu. "Kijana yangu, miaka tatu natafuna tembe za vidonda vya tumbo, na kiungulia bado inanichoma nikiinama. Mliniambia niache mursik, hayo maziwa yetu ya mgando, nikaacha. Tangu jana sijaweka kitu kwa mdomo. Kesho sirudi! Ama huo mpira ni mzee atameza?"

Foleni ilicheka. Karani hakucheka. "Fomu inasema mwenye mgonjwa."

"Mwenye huyu mgonjwa ni mimi." Akaichomoa kalamu mfukoni mwa karani, akatia sahihi.

Nimesoma sheria kadhaa maishani, na bado sijakutana na ile inayomkabidhi mume koo la mkewe. Labda karani anayo, kwenye droo.

Saa tano mama aliumeza mpira. Daktari alikuta koo limechomwa na asidi inayopanda kutoka tumboni, na tumbo lenyewe halikuwa na kidonda hata kimoja.