Zebaki Katika Chumba Namba Kumi na Moja

Hemnalini Pakrashi hakuamini kitu kwa sababu tu kimesemwa. Wauza samaki wa soko la Gariahat walimjua: ukimwambia samaki ni wa asubuhi hii, atafunua shavu moja aangalie wekundu wake, kisha afunue na la pili. Kwenye taasisi walimwita Hemdi, yaani dada Hem, akiwa mbele yao. Akishapita walimwita Bibi Shaka. Jina hilo alilijua, wala halikumkera. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja ya kupima eksirei zinazotoka ndani ya atomi, na kwa maneno yake mwenyewe kazi hiyo ni ya kushuku tu. Unaipiga metali, inatoa eksirei zake. Kwenye karatasi ya mashine zinaonekana kama vilima, kila metali na mahali pake, kama mtu na nyumba yake. Kazi yako ni kuuliza kama aliyefungua mlango ndiye mwenye nyumba.

Ushuku huo hakuzaliwa nao. Mwaka 1961, akiwa bado kijana aliyetoka Barisal na baba yake na sanduku moja la bati, alitangaza kilima kipya ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekiona. Jiji zima la wanafizikia lilikisema kwa wiki sita. Kisha ikagundulika kwamba kilima kile kilitoka kwenye skrubu ya shaba iliyoshikilia mashine. Ardhendu Talapatra, aliyekuwa mwanafunzi mwenzake, alimletea skrubu kama ile ndani ya kisanduku cha peremende, imefungwa utepe. Hemnalini hakuitupa. Ilikaa kwenye saraka ya meza yake tangu siku ile, na tangu siku ile akawa na msemo mmoja tu: "Nisichokipima sikisemi."

Sasa ilikuwa Desemba 1987, na alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Alikuwa akipima kilima kimoja hafifu cha tangsteni, ambacho maabara mbili za ng'ambo zilikuwa zikibishana juu yake. Alitaka kuacha namba moja isiyo na aibu nyuma yake, basi. Lakini Talapatra, ambaye sasa alikuwa daktari mwenye kitambi na chumba cha jirani, alikitaka chumba namba kumi na moja kwa ajili ya kompyuta. Kamati ya vyumba ingekaa Jumamosi. Asiye na matokeo angenyang'anywa chumba.

Na matokeo hayakuwepo, kwa sababu ya zebaki.

Ilianza Oktoba. Karibu na kilima chake cha tangsteni kiliota kilima kingine kidogo, mahali panapokaa zebaki na si kitu kingine. Alisugua mashine, akabadilisha kipande cha tangsteni. Kilima kikapotea siku tatu, kikarudi. Akasugua tena. Kikapotea, kikarudi. Ukutani, upande wa pili, pampu ya zamani ya Talapatra ilikuwa ikinguruma mchana kutwa, nayo ilifanya kazi kwa zebaki. Hemnalini akaweka sikio ukutani kama mke anayesikiliza chumba cha mke mwenza. Kisha akaandika barua ya kurasa mbili kwa mkurugenzi: zebaki ya Dk. Talapatra inaingia chumbani mwangu, na sisemi kwamba inaingia kwa bahati mbaya.

Barua ilipigwa taipu na Bwana Samanta, karani wa mkurugenzi, mzee msafi asiyejua kutabasamu. Kabla ya chakula cha mchana taasisi nzima ilikuwa inaijua.

"Hemdi!" Talapatra alimwita kantini, glasi ya chai mkononi. "Nasikia siku hizi mimi ni mvuke. Napita chini ya milango."

"Wewe ungepita hata kwenye tundu la ufunguo, Ardhendu, mradi ng'ambo kuna chumba."

Watu walicheka. Talapatra naye alicheka, lakini glasi aliiweka chini kwa nguvu. "Kumbuka skrubu, dada yangu. Safari hii ikiwa skrubu tena, mimi sitaleta kisanduku. Nitaleta seremala."

Siku hiyo hiyo Hemnalini akaweka mitego. Alikata vipande vinane vidogo vya plastiki safi, akavibandika kila alipopashuku: kwenye ukuta wa Talapatra, chini ya mlango, juu ya kabati, karibu na beseni la kunawia, nyuma ya stuli ya Haradhan. Haradhan alikuwa mhudumu wa chumba, mwenye ufunguo wa pili. Ndiye aliyekwenda kila wiki kwenye kituo cha mbegu za ng'ombe kuleta naitrojeni ya kimiminika ya kupoza mashine, akirudi na mtungi unaofuka moshi na vichekesho vya madume. Talapatra alikuwa akimpa sigara. Hemnalini alizihesabu sigara hizo.

"Hemdi, umetega panya?" Haradhan aliuliza akiangalia ukutani.

"Panya wa miguu miwili."

"Basi ungeweka na jibini."

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Hemnalini hakumshuku. Mandira Samanta, binti wa yule karani, alikuwa mwanafunzi wake wa mwaka wa tatu, mpole, mwenye vidole vya mshonaji. Kila Jumanne na Ijumaa Mandira ndiye aliyepachika vipande vya tangsteni kwenye fremu yake. Siku nyingine Hemnalini alipachika mwenyewe. Hakuna mtu mwingine aliyepata kuruhusiwa kuigusa fremu ile.

Baada ya wiki moja alisoma mitego yake. Kipande cha ukutani kwa Talapatra kilikuwa safi. Akakirudia. Safi. Cha mlangoni, safi. Cha nyuma ya stuli kilikuwa na kutu ya chuma tu. Kila kilichotoka safi kilimuumiza, maana moyo wake ulikuwa umeshamhukumu jirani na haukutaka kumwachia. Kipande cha saba, cha karibu na beseni, kilikuwa na kilima cha zebaki.

Juu ya beseni kulikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia gamcha, kitambaa chembamba chekundu cha miraba ambacho kila mtu chumbani alifutia mikono. Hemnalini alikuwa na leso yake mwenyewe, kwa sababu hakuamini mikono ya watu. Alikata pembe ya gamcha, akaiweka mbele ya mashine. Umeme ukakatika, kama kila siku saa hiyo. Alikaa saa mbili kwenye stuli bila kusogea, akikitazama kitambaa kana kwamba kingetoroka. Umeme uliporudi, zebaki ilisimama kwenye karatasi kama mlima, si kilima.

Aliichovya pembe ile kwenye kisahani cheupe cha maji. Rangi ya kitambaa haikutoka. Kilichotoka ni unga, mwekundu kuliko kitambaa, ukatua chini taratibu. Wekundu ule aliujua kabla hajajua kusoma. Ulikuwa kwenye njia ya nywele za mama yake kila asubuhi, mpaka siku baba alipokufa. Sinduri, unga anaopakwa mwanamke aliyeolewa. Ile halisi hutengenezwa kwa zebaki.

Alifungua daftari, akaangalia tarehe ambazo kilima kilirudi. Jumanne, Ijumaa. Jumanne, Ijumaa. Wanawake wa chumba kile walikuwa wawili. Mmoja alikuwa na miaka hamsini na minane na hakuwahi kuolewa. Wa pili, kwa karatasi zote za taasisi, hakuwa ameolewa.

Ijumaa alifika saa moja na nusu, ukungu ukiwa bado umeukalia uwanja. Mandira alikuwa mbele ya beseni, ameinamisha kichwa, gamcha kwenye paji la uso.

"Usifute," Hemnalini alisema.

Binti aligeuka. Katikati ya nywele mstari mwekundu ulikuwa umebaki nusu.

"Tangu lini?"

"Agosti, Hemdi. Tuliandikisha ndoa tu ofisini. Anafundisha hesabu Howrah." Aliikunja gamcha mikononi. "Si wa tabaka letu. Na dada yangu mkubwa anaolewa mwezi wa Falgun. Wakisikia ya kwangu, watu wa bwana harusi watarudi walikotoka. Baba hatainua tena uso mtaani."

"Sasa kama ni siri, unapaka ya nini?"

"Sipaki mimi. Mama yake Prabir, mume wangu, hainuki kitandani. Tangu Oktoba, Jumanne na Ijumaa napita kwao kabla ya kuja huku. Ananipaka kwa mkono wake, na mkono wenyewe unatetemeka. Nimwambie aache?"

Hemnalini akasikia hasira ikimpanda mpaka masikioni. "Miezi miwili! Miezi miwili namtukana Ardhendu mchana kweupe kwa ajili ya paji lako la uso!"

"Ungeniuliza, Hemdi."

"Ningekuuliza nini? Wewe ndiye mtu pekee ambaye sikumshuku."

Neno hilo lilimuuma Mandira kuliko tusi. Alilia bila sauti, kwenye gamcha ile ile. Hemnalini akamnyang'anya, akampa leso yake.

"Malizia kufuta. Kisha unawe mikono. Mara mbili."

Jumamosi kamati ilikaa. Mkurugenzi kichwani pa meza, Talapatra kulia kwake, na pembeni, kalamu tayari, Bwana Samanta akiandika kumbukumbu za kikao. Hemnalini alisimama. Alijua njia nyepesi ilikuwepo: sentensi moja, jina moja, na shaka yote ingeondoka mabegani mwake.

"Nafuta barua yangu," alisema. "Zebaki haikutoka kwa Dk. Talapatra. Imetoka kwenye kitambaa cha kufutia mikono, chumbani mwangu. Nimepima."

Talapatra alijiegemeza nyuma. "Skrubu!" alisema kwa furaha, kisha akakaza macho. "Lakini subiri. Zebaki ilifikaje kwenye kitambaa? Chumba kile kina watu watatu. Wewe, Haradhan, na—"

Kalamu ya Bwana Samanta ikasimama.

"Hilo sijalipima," Hemnalini alisema, "na nisichokipima sikisemi. Andika, Bwana Samanta: kosa ni la mwenye chumba."

Kisha kalamu ikaendelea.

Waliamua aombe radhi kwa maandishi, na chumba kigawanywe kwa ukuta wa mbao, nusu moja iwe ya kompyuta. Seremala alikuja Jumatatu, kama Talapatra alivyoahidi. Katika nusu yake Hemnalini alitundika gamcha mpya. Kisha akaenda ukumbini, kwenye beseni la mbali ambalo halitumiki, akapigilia msumari wa pili, akatundika gamcha ya pili na kioo kidogo cha duara.

"Cha nini kioo, Hemdi?" Haradhan aliuliza. "Uzeeni?"

"Shika nyundo."

Jumanne Mandira alipachika tangsteni. Mashine ilihesabu siku nzima, ikakatwa na umeme mara mbili, ikaanza tena. Mahali pa zebaki palikuwa tambarare kama bwawa. Hemnalini aliamuru ihesabu tena Jumatano, na Alhamisi. Tambarare. Kilima hafifu cha tangsteni kilibaki peke yake, na alikuwa na nusu ya chumba na miaka miwili ya kukipima.

Alhamisi mchana Bwana Samanta alipanda ngazi mwenyewe na barua ya radhi, jambo ambalo kwa kawaida alimwachia tarishi.

"Daktari, nimeandika 'chanzo hakikupimwa'. Ni sawa?"

"Ni sawa."

Mzee alikuwa akiangalia sakafu, siyo barua. Akiondoka alipita kwenye beseni la mbali, akasimama mbele ya kioo kile kidogo muda mrefu kuliko anavyohitaji mzee kuangalia upara wake. Kisha akanyoosha gamcha iliyokuwa imepinda kwenye msumari, akashuka.

Hemnalini alimtazama mpaka mwisho wa ngazi. Alijua maswali matatu ambayo angeweza kumuuliza, na mpangilio wa kuyauliza. Akachukua kalamu, akasoma barua mara mbili, akatia sahihi.