Panya wa Kisiwa Kidogo

Kwa miaka kumi na saba alikuwa akipasua matumbo ya panya pori na kuhesabu minyoo. Watoto wa jirani walimbandika jina la Mama Minyoo, naye akaitika bila kinyongo. Kazi ilimpa jicho kali kupita kiasi. Hata mumewe akisema ameshanawa, alitakiwa kuonyesha mikono.

Panya wa kisiwa kikubwa, penye maabara, walijaa minyoo myembamba kama nyuzi za kushonea. Wa kisiwa kidogo hawakuwa na hata mmoja, na utafiti mzima ulisimama juu ya tofauti hiyo. Basi mwezi ule, katika panya wa kisiwa kidogo, hadubini ikamwonyesha uzi mmoja. Wiki iliyofuata, nyuzi tatu.

Mawazo yalimwendea shemeji yake moja kwa moja. Huyo, mume wa mdogo wake, ndiye aliyekuwa akivuka kwenda kutega. Kazi yenyewe alitafutiwa na Mama Minyoo. Tangu injini ya mashua ianze kusumbua, alikuwa akifika saa saba mchana badala ya asubuhi, tena viatu vikavu. Mama Minyoo alivitazama kila siku, akaguna. Huyu anatega nyuma ya maghala hapa hapa, anauchapa usingizi, kisha anaandika lebo ya uongo! Alimuuliza kwa mzunguko habari za bahari. Shemeji akajibu kwamba viatu huvivua mashuani. Jibu lilimkera zaidi, maana lilikuja upesi mno.

Akamwambia mkuu wa maabara. Ijumaa shemeji akapewa barua ya kuachishwa kazi, na mkewe ana mimba ya miezi minane.

Jumatatu mkuu alivuka mwenyewe, akarudi mchana na panya sita aliowatega kwa mkono wake. Mama Minyoo akawapasua, akayaosha matumbo juu ya chujio, akainama kwenye hadubini. Uzi ulikuwepo.

Akalitazama chujio. Kanuni ilikuwa panya wa kisiwa kidogo wapasuliwe kwanza, kabla chujio halijagusa minyoo. Kanuni hiyo aliwafundisha wenzake yeye mwenyewe. Lakini tangu mashua ichelewe alikuwa akianza na wale wa kisiwa kikubwa waliopo, kisha analisuuza chujio harakaharaka. Akaligeuza juu ya sahani, akalimiminia maji ya moto, akakwangua ukingo wa wavu. Zikaanguka nyuzi nne.

Alimweleza mkuu yote. Barua ya kumrudisha shemeji kazini aliipeleka kwa mkono wake, uso umemshuka kwa aibu. Alimkuta uani akisugua mitego ili airudishe. Akakiri kosa lake akiwa amesimama. Shemeji hakuacha kusugua.

"Shemeji, viatu vyangu ulivikagua kila siku," alisema. "Chujio lako ulilikagua lini?"

Mama Minyoo akageuka. Mdogo wake alikuwa mlangoni, mkono kiunoni, na hakumkaribisha kiti.