Aproni ya Valary na Mbwa Aitwaye Uji

Mimi naitwa Nereah, na nimekaa ukutani miaka kumi na minne. Ukuta ninaosema ni ule wa mawe, kwenye kona ya kuingilia Lavington ukitoka Kawangware, pale wanawake wa kufua nguo wanapokaa asubuhi wakingoja mwenye nguo chafu asimamishe gari na kushusha kioo. Kuna wanaopita wakatuona watu wa kukaa bure. Wangejua sheria tulizo nazo pale, wangeziazima wakazitumie ofisini kwao.

Sheria kubwa ni ya kushikia. Mtu akishapata nyumba ya kudumu, nyumba hiyo ni yake. Akiugua au akijifungua, anamchagua mwenzake mmoja amshikie, na anampa aproni yake mbele yetu sote. Anayeshikia haachi namba yake ya simu kwa mwenye nyumba. Akiulizwa habari za mwenzake anajibu kwamba anaendelea vizuri, basi, hata kama hajui lolote. Siku mwenyewe anaporudi, aproni inafuliwa, inakunjwa, inarudishwa mkononi mwake, na hapo nyumba imerudi. Hatujawahi kuyaandika haya mahali popote, na miaka yote hiyo hayakuwahi kuvunjwa.

Nataka kueleza habari za Valary, na nitazieleza nikiwa na hasira, kwa sababu nimejaribu kungoja hasira ipungue na haipungui.

Valary Nasipwondi alikuja ukutani akiwa na miaka ishirini, na mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka pande za Bungoma kumfuata mume wake, Mukhwana, fundi wa kupaka rangi, na walikuwa wamepanga chumba kimoja kule mtaa wa Kongo, Kawangware. Msichana mpole, lakini si mjinga. Kola ya shati aliifua mara mbili hata kama mwenye shati hangejua tofauti. Hakuwa mtu wa kubeba maneno ya nyumba moja kupeleka nyingine, na kwa kazi yetu hiyo ni sifa kubwa, maana sisi tunaona shuka za watu.

Yule mtoto, Nekoye, alikulia pale ukutani. Wenzake waliigiza wakubwa kwa kalongolongo ya kupika, yeye alicheza ya kushikia. Alikuwa anamfunga mtoto mwingine kitambaa kiunoni na kumwambia, "Nishikie nyumba, naenda kuzaa." Kisha anazunguka mti mara moja, anarudi, ananyoosha mkono kudai kitambaa chake. Asipopewa analia mpaka tuingilie kati. Tulicheka sana.

Baada ya miaka mitatu ya kungoja, Valary alipata nyumba. Mwenye nyumba hiyo tulimwita Madam Waceke. Nyumba kubwa yenye bustani, siku tatu kwa wiki, nguo na mazulia. Huyo Madam alikuwa na mbwa jike wa aina ya haski, wale wa nchi za barafu, wenye manyoya mengi na macho ya kutisha. Mbwa akazaa watoto watano. Wanne walichukuliwa upesi. Wa tano alibaki, kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wenzake na jicho lake moja lilikuwa la samawati na la pili la kahawia.

Siku moja shule zikiwa zimefungwa, Valary alienda kazini na Nekoye. Alipomaliza kuanika akamkuta mtoto amelala kwenye nyasi na yule mbwa amelala juu ya tumbo lake. Madam alikuwa amesimama dirishani akiwatazama. Akamwambia Valary achukue mbwa aende naye, ni wa Nekoye. Akaweka sharti moja tu. "Usimpe mtu mwingine yeyote. Ukishindwa naye, mlete kwangu." Valary akaapa.

Ploti nzima ya Kongo, wapangaji wote, ilitoka kuangalia. Mzee mmoja alisema jicho lile limeingia ugonjwa, likandwe kwa maji ya chumvi. Mwingine akasema huyo si mbwa, ni kitu cha porini, mtakuja kujuta. Mukhwana alirudi kutoka kazini akiwa na rangi mpaka kwenye kope, akasimama mlangoni, akauliza, "Na huyu sasa atalala wapi, kwangu ama kwako?" Lakini kesho yake alileta ndoo kubwa ya rangi, akaikata, akaisugua, ikawa ya maji ya mbwa. Nekoye akampa jina la Uji, kwa sababu ya rangi yake, ile ya uji wa wimbi uliotiwa maziwa.

Nilienda kumwona wiki hiyo, na nasema kweli, sijaona chumba kidogo kikiwa na furaha vile. Uji hakubweka kama mbwa wetu. Aliinua shingo na kuimba, hasa kanisa la jirani lilipoanza ngoma, na Nekoye aliimba naye. Joto lilimsumbua, kwa hivyo alipenda kulala kwenye saruji yenye maji pale watu wanapofulia. Kila Jumamosi Valary alimwogesha kwa sabuni ya kipande mpaka majirani wakamtania kwamba siku moja atamwanika kwenye kamba na vibanio. Nekoye, ambaye alikuwa mtoto wa kuogopa giza la choo cha nje, sasa alikwenda peke yake na Uji. Valary aliniambia hilo zaidi ya mara tatu.

Wakati huo Valary alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili. Mwezi ulipokaribia, mama mkwe wake akapiga simu kutoka nyumbani kwamba anakuja kumlea mzazi siku arobaini, kama inavyotakiwa. Ni chumba kimoja. Kuna kitanda, kuna pazia, kuna Nekoye, na sasa kichanga na mama mkwe, ambaye huwezi kumwambia alale na mbwa miguuni. Majirani nao wakaongeza kwamba manyoya yataingia kifuani mwa mtoto. Valary alikuja ukutani tumbo likiwa mbele yake, akaniita pembeni.

"Nereah, nani anaweza kunishikia?"

"Nyumba?"

"Nyumba na Uji."

Ni mimi niliyemtajia Amondi. Niliandike hilo wazi, kwa sababu ndilo linaloniuma. Amondi ni jirani yangu kule mtaa wa Raila, Kibera, milango mitano kutoka kwangu. Tumekula sahani moja. Ana kiuwanja kidogo nyuma ya nyumba, kitu adimu kwetu. Nikamwambia Valary, "Mpe Amondi, ni kama umenipa mimi." Amondi alikubali kabla sijamaliza kuuliza.

Valary hakumpigia Madam kumweleza habari ya mbwa. Baadaye watu wamemlaumu kwa hilo, nami nawajibu kwamba hata mimi nisingepiga. Kwetu, kitu kilichoshikiliwa hakijapeanwa. Bado kiko kwa mwenyewe. Kwa hivyo asubuhi moja, mbele ya wanawake kumi na wawili, Valary alimpa Amondi aproni yake ya kijani yenye mfuko ulioshonwa kwa kitambaa cha maua, na kamba ya Uji. Nekoye alikuwa pale. Akamwambia Amondi, "Ni siku arobaini tu. Mimi najua kuhesabu."

Valary alijifungua mtoto wa kiume salama. Amondi alikuwa anapiga simu karibu kila siku mbili.

"Sasa Mama Nekoye. Uji ako poa kabisa, anakula kunishinda. Hebu ngoja aongee na msichana wake."

Na kweli Uji aliimba kwenye simu, na Nekoye alijibu, na mama mkwe alisema amekuja Nairobi kuona vitu. Valary aliniambia kwamba simu hizo ndizo zilizomlaza usingizi.

Mimi nami niliona kiuwanja cha Amondi kiko kimya wiki ya tatu. Nikamuuliza. Akaniambia, bila hata kusita, "Mwenyewe alimkumbuka sana, nikamrudisha Kongo Jumapili." Nikafurahi. Nikasema huyo ndiye rafiki.

Wiki ya tano nikapata nafasi ya kwenda kumwona mtoto. Nilibeba sukari, unga na sabuni, nikabisha, nikakaa, nikapewa kichanga mkononi. Nikatazama chini ya kitanda, nikatazama nje kwenye saruji.

"Na Uji amefichwa wapi?"

Nekoye akacheka. "Si ako kwenu Raila."

Valary alikuwa anamimina chai. Akaiacha ikamwagika mpaka kwenye sahani. Sikuwa na haja ya kumweleza mengi, uso wangu ulimweleza. Akaanza kumpigia Madam, na hapo ndipo akaniambia kwamba kwa wiki mbili Madam hapokei simu zake. Alidhani amesafiri. Watu wa nyumba zile hawagombani nawe, wanaacha tu kupokea, na wewe unabaki ukiwatafutia sababu.

Asubuhi iliyofuata tulitembea kwenda Lavington. Valary na kichanga mgongoni, mimi, na Nekoye aliyekataa kuachwa. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, kwa sababu alikuwa anaenda kumchukua mbwa wake.

Mlinzi wa lango anaitwa Nyamai, mtu mzuri, ambaye Valary alimfulia jaketi mara nyingi bila kuombwa. Alimwangalia Valary, akaangalia viatu vyake.

"Mama Nekoye, unaniweka pabaya. Nimeambiwa nisikufungulie."

Kupitia vyuma vya lango tuliona bustani yote. Uji alikuwa amelala kwenye nyasi zilizomwagiliwa maji, amekua, manyoya yamechanwa. Kando yake Amondi alikuwa anaanika mashuka. Alikuwa amevaa aproni ya kijani yenye mfuko wa maua. Nikaelewa kwamba simu zile zote za wiki mbili zilipigwa hapo, mbwa akiimbishwa hapo, ili mtoto wa Kongo alale akiamini.

Nekoye akaita. Uji akainuka, akakimbia mpaka langoni akilia kwa sauti ambayo sijasikia mbwa akitoa, akaingiza pua chini ya lango na kulamba vidole vya mtoto.

Madam akatoka. Hakupaza sauti.

"Valary, nilikuomba kitu kimoja."

"Madam, ameshikiliwa tu. Ni siku arobaini. Nilikuwa nimejifungua."

"Ulimpeleka Kibera kwa mtu mwingine au hukumpeleka?"

"Nilimpeleka. Lakini sikumpeana."

"Amondi ndiye aliyemrudisha kwangu. Aliniambia ulikuwa umechoka naye, unauliza watu nani anamtaka."

Valary ni mtu asiyejua kujitetea, na mtu aliyesalitiwa huonekana kama mwenye hatia, kwa sababu ameduwaa. Nikaanza mimi kueleza habari za ukuta, za aproni, za sheria yetu. Madam alinisikiliza kwa adabu, jinsi unavyomsikiliza mtu anayekuuliza njia ya mahali usipopajua. Kisha akasema mbwa ametulia na hataki kumhamisha tena, akamtakia Valary heri na mtoto, akaingia ndani.

Nikamwita Amondi. Akaja mpaka hatua tatu kutoka langoni.

"Amondi, niangalie."

Hakuniangalia. "Nereah, hata mimi niko na watoto. Nimekaa kwa huo ukuta miaka tisa. Wewe umewahi kunitafutia nyumba?"

Sikuwa nimewahi. Na hilo halibadilishi kitu. Njaa ya Amondi naijua, ni kama yangu. Angeweza kuiba nyumba, nami ningemtukana mwaka mmoja kisha tukaongea. Lakini alichukua mbwa wa mtoto akamgeuza kuwa ufunguo wa nyumba hiyo, na akampigia mtoto huyo simu.

Akamwita Uji. Uji aliangalia vidole vya Nekoye, akaangalia nyuma, akaitwa tena, akaenda. Simlaumu, ni mbwa.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Amondi alifungua kamba za aproni, akaivua, akaikunja mara nne juu ya kifua chake, akaipitisha kati ya vyuma vya lango. "Hii ni yako," akamwambia Valary. Sijui alikuwa anafikiria nini. Labda aliona aibu kuivaa tukiwa tunamtazama. Labda alidhani akiirudisha atakuwa amevunja sheria nusu tu.

Valary aliipokea kwa sababu ilikuwa imenyooshwa kwake. Ilikuwa safi, imepigwa pasi.

Nekoye aliitazama ile aproni mikononi mwa mama yake, na uso wake wote ukafunguka. Alijifuta machozi, akavuta sketi ya kanisani vizuri, akamgeukia Nyamai na kusubiri.

"Mama, si amerudisha?" akasema. "Mwambie soja afungue, tuingie."

Nyamai aliangalia pembeni. Valary aliniangalia mimi, mkubwa wa ukuta, niliyemfundisha yeye na mtoto wake sheria yote, nimwambie mtoto kitu. Kichanga kikaanza kulia mgongoni, nami nikakishika miguu nikikibembeleza, ili nisiulizwe.